Asubuhi Sabina Padden Alipouona Mlima Ukihama

Sisi watu wa Drumsheel hatukuwa na desturi ya kuutaja mlima wetu kwa jina. Kwenye ramani umeandikwa Knockabrone, lakini midomoni mwetu ulikuwa "juu" tu. Fulani yuko wapi? Yuko juu. Kondoo je? Wako juu. Na mtu aliyekuwa juu kuliko sote, jua na mvua, sikukuu na msiba, alikuwa Sabina Padden.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mwanamke mrefu, mkavu kama ufito, aliyetembea mikono ikiwa nyuma kama polisi aliyestaafu. Nyumba yake ni ya mwisho kabisa barabarani. Ukipita lango lake lami inakwisha na kinamasi kinaanza. Baba yake alimwachia kondoo wachache, yeye akawafikisha hamsini na kitu. Ujanani alikuwa na mchumba, Malachy Ginty, mwashi, aliyekwenda Uingereza kutafuta kazi na baada ya mwaka akamwandikia amfuate. Sabina alifunga sanduku, akaketi nalo mlangoni tangu alfajiri mpaka basi likaja, likasimama, likaondoka. Kisha akaliingiza sanduku ndani, akavaa gambuti, akaenda kutazama kondoo. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini, na watu wasipouliza hutania.

"Sabina, mumeo leo kaamkaje?" Festus Reape alikuwa akimwuliza kila akipita, huku akiinua kidevu kuelekea mlimani.

"Kaamka na kofia," anajibu Sabina, maana yake ukungu umekaa kileleni. "Na mume wa Concepta kaamkaje?"

"Mume wa Concepta mgongo unamuuma."

"Basi wangu afadhali. Haumwi, na usiku hakoromi."

Festus na mkewe Concepta walikaa bondeni, kwenye kona ya kijito, nyumba nyeupe yenye mlango mwekundu, karibu na daraja. Festus alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomshinda. Concepta alioka mkate wa magadi ambao hata padri aliungama kuutamani. Miaka thelathini na minane waliishi chini ya mlima ule, na Concepta hakuwahi kuupanda hata mara moja. "Nikafuate nini huko?" alikuwa akisema. "Kama kuna jambo, Sabina ataniambia."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wote. Sabina ndiye aliyejua. Wageni wa kutembea milimani walipopotea, polisi walimpigia yeye hodi. Watoto wetu wote aliwafundisha: kanyaga penye nyasi nyekundu, na ukiona kijani kinachong'aa, kizunguke, hicho ni mdomo. Alikijua kile kinamasi kama mtu ajuavyo ngazi za nyumbani kwake gizani. Sabina akisema juu ni salama, basi ni salama, na kila mtu anaendelea na chai yake.

Kiangazi cha mwaka ule mvua haikunyesha kwa wiki saba. Kwetu hilo si jambo la kawaida. Mboji, ule udongo mweusi tunaoukata, kuukausha na kuuchoma mekoni, ilipasukapasuka kama visigino. Ikaja Septemba, na siku ya Ijumaa mvua ikaanza. Ilinyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi, Jumapili ikapumzika, na Jumatatu usiku ikamwagwa kwa ndoo. Jumanne alfajiri ikakatika ghafla.

Sabina alitoka saa mbili. Mbwa wake alikuwa na mwiba mguuni, akamwacha nyumbani. Alitaka tu kuhesabu kondoo na kurudi. Aliniambia baadaye kwamba kitu cha kwanza kilichomshangaza ni ukimya. Mlima wetu ni mkimya siku zote, lakini ukimya wake una vitu ndani yake: ndege wadogo, upepo kwenye nyasi, maji yanayonong'ona chini ya miguu. Siku ile hakukuwa na kitu. Alijisikia mwenyewe akimeza mate.

Akaendelea kupanda. Karibu na mgongo wa jiwe unaotokeza katikati ya kinamasi, gambuti la kushoto likazama mpaka gotini. Akavuta. Mguu ukatoka, gambuti likabaki. Akachungulia shimo likijifunga polepole juu ya kiatu chake, akatukana tusi la baba yake, akapanda juu ya lile jiwe, akaketi kukamua soksi.

Alikuwa anaikamua soksi alipoona nguzo ya uzio ikiinama.

Nguzo zile alizisimika mwenyewe. Ya kwanza iliinama, akadhani ni upepo, ingawa hapakuwa na upepo. Ya pili ikainama. Kisha zote pamoja zikasimama tena wima, kama askari waliosahihishwa, na zikaanza kutembea. Zilitembea kuteremka, zimesimama hivyo hivyo, zikiburuta waya, na waya ukawa unakatika mmoja mmoja kwa sauti ya nyuzi za fidla. Sabina alitazama nguzo zake zikienda na akili yake ikakataa. Akajiambia ni yeye anayeumwa. Akashika jiwe kwa mikono miwili, maana alidhani kinachosogea ni yeye.

Halafu akaona kondoo. Sita wake, alama nyekundu mabegani, walikuwa wamesimama juu ya kipande cha ardhi kikubwa kama uwanja wa shule, na kipande kile kilikuwa kinashuka, na wao walikuwa wanakula majani. Hawakuinua vichwa. Walipita mbele yake, hatua thelathini hivi kutoka pale alipoketi, wakitafuna, kama abiria, mpaka kipande kikajikunja katikati kama mkeka na wao wakaingia ndani ya mkunjo.

"Sikupiga kelele," aliniambia. "Nilisema tu, 'Hapana, bwana.' Kama mtu anayekataa sukari kwenye chai."

Ngozi yote ya mlima, toka pale mgongo wa jiwe mpaka chanzo cha kijito, ilitetemeka kama utando wa maziwa unapopulizwa, ikachanika, na chini yake kukatoka uji mweusi. Haukuwa na ngurumo. Ulifyonza na kubugia, kama ng'ombe anayechomoa kwato kwenye tope, ila ng'ombe elfu. Na harufu ikapanda, harufu chachu ya kitu kilichofungiwa tangu kabla ya watu. Ule uji ukaelekea kwenye kijito, ukakijaza, ukaanza kushuka nacho.

Na kijito kile kinapita mlangoni kwa Concepta.

Mtu yeyote angekimbia kuteremka. Sabina alisema miguu yake yenyewe ilitaka kuteremka. Lakini hata angekuwa na miaka ishirini na viatu viwili asingeushinda ule uji, na njia ilikuwa ndiyo hiyo inayoondoka. Mfukoni alikuwa na simu ya mkononi aliyopewa na watu wa uokoaji, na simu hiyo ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye rundo la mawe kileleni. Basi akaipa mgongo nyumba ya Reape, akakimbia kupanda, mguu mmoja una gambuti na mwingine mtupu, juu ya mawe na miiba, huku akisikia nyuma yake mlima ukila.

Simu ya nyumbani kwa Reape ililia mara tisa.

"Haloo, nani?"

"Concepta, toka nje ya nyumba."

"Nani huyo? Sabina? Ala! Wewe na simu wapi na wapi? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Mchukue Festus, pandeni kwa akina Lavelle. Sasa hivi. Mlima unakuja."

"Nani anakuja?"

"Mlima!"

"Ngoja basi nitoe mkate, maana nimeuweka sa—"

"Uache mkate! Concepta, nakuapia kwa roho ya mama yangu, mlima unashuka na kijito. Nauona kwa macho yangu haya."

"Sabina, mpenzi, umekunywa?"

"Saa tatu asubuhi? Tazama dirishani, we mwanamke! Tazama kijito!"

Sabina alisikia kandambili zikiburutwa sakafuni. Akasikia pazia. Kisha sauti ikarudi, ndogo, ya mtoto.

"Sabina, kijito kimekauka."

Ule uji ulikuwa umekiziba huko juu. Maji ya kijito ambayo hayakuwahi kukoma tangu nyumba ile ijengwe yalikuwa yamekoma, na samaki wadogo walikuwa wanarukaruka juu ya kokoto.

"Kimbia," alisema Sabina, na mtandao ukakatika.

Yaliyotokea chini niliyasikia kwa Concepta, na mwisho wake niliuona mwenyewe, kwa sababu duka langu liko upande wa pili wa daraja.

Festus alikuwa ananyoa ndevu. Concepta hakueleza, alimshika mkono akamburuta, naye akatoka na fulana ya ndani, mikanda ya suruali ikining'inia, povu usoni, akiuliza moto uko wapi. Walikuwa wameshafika nusu ya mteremko wa akina Lavelle Festus aliposimama.

"Ndama!" alisema. "Ndama amefungwa bandani."

"Festus, acha!"

"Dakika moja, Ceppie."

Concepta alimkamata mkanda wa suruali. Ulimponyoka. Alinionyesha kiganja chake siku ile, akakionyesha kwa kila mtu, kama vile mkanda ungeonekana bado umo ndani.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na katoni ya maziwa mkononi, na nitakachosema nimekisema mara nyingi, na kila mara nahisi nasema uongo. Kwenye kona ya kijito kilitokea kitu cheusi, kirefu kuliko mimi, kina miti mbele yake kama meno. Hakikuwa na haraka. Kilifika kwenye nyumba nyeupe, kikaegemea. Ukuta wa jikoni ukaingia ndani kama mtu aliyepigwa tumboni. Kisha paa likajitenga, likakaa juu ya ule uji, likaanza kusafiri kuja upande wetu, na bomba lake la moshi bado lilikuwa linatoa moshi. Moto wa mkate wa Concepta. Paa lilipita na moshi wake, likageuka taratibu, likajikita kwenye daraja. Niliangusha maziwa. Nilikuwa nimevua kofia, sijui niliivua saa ngapi.

Tulimkuta Festus hatua mia mbili chini ya mahali palipokuwa banda, kifua ndani ya tope, amebanwa kati ya mti wa zamani na boriti. Shavu moja bado lilikuwa na povu. Tulitandaza milango juu ya tope, milango saba, tuliing'oa kwenye nyumba zetu, tukalala juu yake kwa matumbo na kuvuta kamba. Ilichukua saa moja na dakika arobaini.

"Sabina yuko juu," alikuwa akisema, meno yakigongana. "Niacheni mimi. Sabina yuko juu, jamani."

"Nyamaza, Festus. Vuta pumzi."

"Amekwenda na mlima huo. Amekwenda nao."

Na sisi sote tulifikiri hivyo hivyo. Tulipoinua macho, kilele kilikuwa kimefunikwa na ukungu, na chini ya ukungu hapakuwa na mlima tunaoujua. Palikuwa na kidonda.

Sabina alikuwa upande wa pili. Njia ya nyumbani ilikuwa imekufa, kwa hiyo aliteremka mgongoni mwa mlima kuelekea barabara ya pwani, zaidi ya saa mbili, na kila hatua aliipima kwanza kwa kidole cha ule mguu mtupu. Hakuiamini ardhi tena. Alipofika barabarani akapiga magoti akaigusa lami kwa mkono, na hivyo ndivyo Enda Cosgrove, anayesambaza mikate kwa gari, alivyomkuta.

"Pole, mama. Umepatwa na nini?"

"Nipeleke Drumsheel," alisema Sabina, akapanda gari, nalo likaondoka.

"Drumsheel haipitiki leo. Hujasikia? Mlima umeanguka. Redio inasema kuna mwanamke kafukiwa huko juu, masikini. Sabina sijui nani."

"Padden."

"Ehe, Padden. Unamjua?"

"Ndiye mimi."

Enda aliachia usukani na gari likaingia kwenye nyasi. "Yesu, Maria na Yosefu!"

"Wote watatu wakubariki. Washa gari. Na Reape je? Wamesema nini juu ya Reape?"

"Hawakutaja jina hilo, mama."

Enda alimpa mkate, akamwambia ale. Sabina aliushika mapajani njia nzima kama mtoto mchanga, na alipoteremka kwenye daraja bado alikuwa ameushika. Tulimwona akija, mrefu, mweusi wa tope, mguu mmoja unatoka damu. Bridie Lavelle alipiga ishara ya msalaba na kurudi nyuma. Hakuna aliyemkimbilia. Nasema ukweli, tuliogopa.

Concepta alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni ambacho mtu alikiokota kwenye tope. Alimtazama Sabina kuanzia chini.

"Kiatu chako kingine kiko wapi?" akauliza.

"Juu."

"Utapata baridi." Kisha akanyoosha kidole kwenye mti. "Festus yuko pale."

Wakati huo huo tukamtoa.

Mguu wa kushoto wa Festus madaktari hawakuweza kuuokoa. Waliukata chini ya goti usiku ule mjini. Ndama hakuonekana, wala kondoo ishirini na watatu wa Sabina. Lakini hakuna mtu aliyekufa, na watu wa redio walipenda sana jambo hilo, wakaja na vinasa sauti vyao kutafuta "mwanamke aliyepiga simu". Sabina aliwafungia mlango. Jumapili padri alimsifu kanisani, akasema Mungu ameweka mlinzi mlimani, na Sabina akainuka katikati ya sifa zake, akapita katikati ya viti mbele ya macho yetu sote, akatoka. Tukasema ni unyenyekevu.

Haikuwa hivyo. Wiki ya tatu alipanda basi kwenda hospitali. Festus alikuwa amelala. Concepta alikuwa kwenye korido na vikombe viwili vya chai ya mashine, akampa kimoja.

"Niliuona ufa," alisema Sabina, hata salamu hakutoa.

"Ufa gani?"

"Jumapili ile, siku mbili kabla. Baada ya misa. Ulikata toka kwenye uzio mpaka chanzo cha kijito. Umejaa maji."

Concepta aliweka kikombe kwenye dirisha. "Ulikuwa na upana gani?"

"Wa mkono, toka hapa mpaka kiwikoni. Nilitumbukiza fimbo haikugusa chini."

"Ukafanyaje?"

"Nikaruka. Nikasema ni kiangazi tu, utajifunga wenyewe. Sikutaka... Nilijua ule mlima, Concepta. Nilisema naujua."

"Ukaruka," alisema Concepta.

"Nikaruka, nikaenda zangu."

Concepta akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe cha chai mkononi mwa Sabina, bado kimejaa.

"Nenda nyumbani, Sabina."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuongea mpaka mwaka uliofuata. Akina Reape walipewa nyumba ndogo nyuma ya shule. Sabina aliwauza kondoo waliobaki. Hakupanda tena. Mwanamke yule tuliyemwona juu kila siku tukamwona barabarani, akitembea katikati ya lami, akigonga mbele kwa fimbo kama kipofu. Alikuja dukani kwangu siku moja ya Desemba, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Chini ya sakafu yako kuna nini?" akaniuliza.

"Saruji, Sabina."

"Na chini ya saruji?"

Nilimletea sukari na majani ya chai pale pale mlangoni.

Krismasi ilipokaribia Concepta alimweleza Festus. Alitegemea atakasirika. Festus alicheka mpaka akakohoa.

"Ufa! Angekuja kuniambia kuna ufa, ningemwambia akanywe uji akalale. Ningemwita bibi kizee. Ningelitania jina lake mpaka Pasaka. Mimi namjua huyo Festus Reape, Ceppie, yule bwana hasikii la mtu."

"Mimi ningesikia," alisema Concepta.

Festus aliacha kucheka.

Mwezi wa nne Concepta alikuja dukani kununua gambuti, za kwanza maishani mwake, akazivaa hapo hapo na kikaratasi cha namba kikiwa bado kimening'inia. Hakuniambia anakwenda wapi. Nilimwona akipandisha barabara mpaka nyumba ya mwisho, na mengine nimeyapata kwa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake.

Sabina alifungua mlango.

"Nipeleke juu," alisema Concepta.

"Mimi siendi juu tena."

"Sikukuuliza kama unakwenda. Nimesema nipeleke."

Walipandia upande wa mgongo wa jiwe, ule ambao haukuporomoka. Ilikuwa siku ya manyunyu mepesi yasiyojua kama ni mvua. Sabina mbele, fimbo kwanza, mguu baadaye, uso mweupe kama karatasi. Concepta nyuma, akihema kama mashine ya kukamulia maziwa.

"Nikanyage wapi?"

"Nyasi nyekundu."

"Hizi?"

"Hizo."

"Na hapa pazuri, pa kijani?"

"Concepta, hapo hapana!"

Alikuwa ameshaingia mpaka gotini. Sabina alimvuta kwa makwapa, wakaanguka wote wawili chali juu ya majani yaliyolowa, na Concepta akashtuka kujisikia anacheka. Alinyamaza mara moja, kama aliyecheka msibani.

Walipofika ukingoni hakuna aliyecheka. Concepta alikuwa ameuona mlima kutoka dirishani, kama sote. Hakujua ukubwa wake. Mbele yake palikuwa na uwanja wa udongo wa kijivu, mtupu, umekwaruzwa mpaka mwamba, ungeweza kuweka kijiji chetu chote mle na kanisa na makaburi yake. Na katika ule udongo vilisimama visiki. Visiki vya misonobari, mamia, mizizi yake imeshika chini kama vidole, msitu uliokatwa na uzee kabla mtu yeyote hajalipa bonde lile jina. Vilikuwa vimelala chini ya kinamasi muda wote huo. Sabina alikuwa ametembea juu yake miaka hamsini na hakujua kuna msitu.

"Mungu wangu," alisema Concepta. "Mungu wangu weee."

Walikaa muda mrefu. Kisha Concepta akauliza: "Ufa wenyewe ulikuwa wapi?"

Sabina aliinua mkono kuonyesha, mkono ukabaki juu. Hapakuwa na mahali pa kuelekeza. Ardhi ile iliyokuwa na ufa ilikuwa imekwenda, na pale ulipokuwa palikuwa hewa tu, kimo cha watu wawili juu ya udongo.

"Pale," alisema. "Hewani."

Concepta alitazama hewa ile kama anasoma kitu. Akageuka, akatazama bondeni, kwenye kona ya kijito, kwenye mraba mweusi uliokuwa nyumba yake.

"Kumbe panaonekana kutoka hapa."

"Vizuri sana. Nilikuwa naona moshi wako. Ukitoka najua umeamka. Ukichelewa nasema Concepta leo anaumwa."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unanitazama?"

"Nani mwingine ningemtazama?"

Concepta alisema neno lile lilimpiga kuliko siku ya tope. Aliketi juu ya jiwe, mvua ikimtiririka shingoni. Alikuwa amedhani miaka thelathini na minane kwamba huko juu hakuna kitu, wala mtu anayeuangalia moshi wake.

"Sijakusamehe," alisema baadaye.

"Najua."

"Usifikiri nimepanda kukusamehe."

"Sijafikiri."

"Nimekuja kuona. Basi." Akapangusa pua kwa kiganja. "Na sasa siwezi kushuka peke yangu, na Festus anataka kula saa saba."

Walishuka. Concepta alishika nyuma ya koti la Sabina kwa mikono miwili, na Sabina, anasema, mpaka katikati ya mteremko alikuwa amesahau kupima kwa fimbo, kwa sababu alikuwa na mtu mzito nyuma yake wa kumwelekeza: nyekundu, nyekundu, ruka hapo, subiri. Langoni Concepta alimwachia. Alitazama gambuti zake, akatazama mlima uliokuwa umeanza kupotea kwenye manyunyu.

"Alhamisi sina kazi," alisema. "Sijaona upande wa pili."

Akashika njia ya bondeni, akitembea kwa miguu iliyopanuka kama bata, na Sabina Padden akasimama langoni akimtazama mpaka akapotea kwenye kona.